Jino Juu ya Paa la Jiko

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Mama yangu kule Mashewa alikuwa akisema nilijua kukimbia kabla sijajua kusimama, na mume wangu analalamika kwamba hata usingizini miguu yangu haitulii. Ile methali ya haraka na baraka nimepewa tangu utotoni mpaka imenichosha. Siku niliyostahili kupewa kwelikweli, hakuna aliyenipa.

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne asubuhi. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kutoka Handeni kwenda Mkata, mwendo wa dakika ishirini hivi kwa pikipiki mpaka mjini. Nilikuwa uani napukuchua mahindi, na mama mkwe alikuwa mkekani mlangoni mwa jiko akichambua kunde na kuzungumza. Kuzungumza ndiyo kazi yake. Anazungumza na mimi, nisipojibu anazungumza na kuku, kuku wakiondoka anazungumza na kunde. Miaka kumi na moja nimeishi naye na sikuwahi kumwona amefunga mdomo nusu saa akiwa macho.

Binti yangu, wakati huo wa miaka minane, alikuwa ametumwa maji kwenye kisima cha pampu, ile ya kusukuma kwa mpini mrefu wa chuma. Watoto wana mchezo wao mbaya pale: wananing'inia kwenye mpini wawili wawili mpaka ushuke, kisha wanauachia uruke. Tumewakataza, tumewachapa, bado. Asubuhi hiyo mwenzake aliuachia kabla yeye hajajitoa, na mpini ukampiga mdomoni.

Nilimwona anakuja peke yake bila ndoo. Mkono mmoja umeziba mdomo, mwingine umefumba ngumi, na gauni limelowa damu kifuani. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alipofika mbele yangu alifumbua ngumi. Kiganjani kulikuwa na jino.

"Mama, limetoka," akasema, na damu ikamtoka pamoja na maneno.

Mdomo wa juu ulikuwa umechanika mpaka unaona nyama. Nikaanza kuzunguka. Natafuta maji, natafuta chumvi, natafuta kitambaa safi, naita mtu wa pikipiki kwa simu, vyote kwa pamoja. Mama mkwe akainuka, huku nyuma anasema, "Na hilo jino lirusheni, lisije likaokotwa na kuku, mtoto akabaki pengo."

Kwetu sote, Wazigua na Wasambaa, jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya paa, na unamwambia mjusi achukue hilo alete jipya. Yangu yalirushwa, ya wadogo zangu yalirushwa, na ya binti huyuhuyu mwaka uliotangulia tuliyarusha mawili ya mbele, yakaja mengine mapana, meupe, ambayo kila mgeni aliyasifu. Sasa sikia ujinga wangu. Hilo lililokuwa kiganjani mwake lilikuwa mojawapo ya hayo mapya.

Nililichukua. Nikaona ni refu. Jino la utoto likidondoka lenyewe huwa kipande kidogo tu, kama punje ya mchele. Hili lilikuwa na mzizi mrefu, umechongoka, una damu. Kichwa kikaniuliza, mbona refu? Lakini mkono ulikuwa umeshakwenda. Likatua juu ya paa la jiko, lile la nyasi, wala halikutoa sauti. Nikasema na maneno yake, mjusi chukua hili lete jipya, nikageuka kutafuta chumvi.

Baba watoto, ukifika hapa usikasirike kwanza. Soma mpaka mwisho.

Pikipiki ilikuja, nikampakia mtoto katikati, mimi nyuma, tukaondoka. Njia nzima nilikuwa nikimwambia dereva aongeze mwendo, naye ananijibu, "Mama, niongeze wapi, tutamwongezea mtoto majeraha." Nilikuwa najibishana na yeye ili nisisikie mawazo yangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mdogo wake huyu binti alimwagikiwa uji wa moto mkononi wakati mimi nimetoka kuanika nguo. Baba yao aliporudi kutoka Korogwe, anakoendesha lori la mkonge, alisema kwamba mtoto wake akiumia tena kwa uzembe wangu, nifunge mzigo nirudi Mashewa. Alisema mara moja tu. Hakurudia, lakini pia hakuyaondoa maneno yake, na maneno ambayo hayajaondolewa yanakaa ndani ya nyumba pamoja nanyi.

Hospitalini tulipelekwa moja kwa moja chumba cha dharura. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka thelathini, ana upole wa mtu aliyechoka. Akamwosha mtoto mdomo, akamulika kwa tochi, akapapasa ufizi kwa kidole chenye glavu. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Jino liko wapi?"

"Limetoka," nikasema.

"Naona limetoka, mama. Nauliza liko wapi."

"Juu ya paa."

Akageuka. Nilitegemea atacheka, hakucheka. "Paa la bati au la nyasi?"

"Nyasi. Paa la jiko."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne na dakika chache."

Akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Akanieleza polepole, na kila neno niliona linachukua muda. Akasema hilo si jino la utoto, ni la ukubwani, na nyuma yake hakuna jingine linalosubiri. Akasema jino likitoka zima na mzizi wake linaweza kurudishwa mahali pake likashika tena. Lakini lile ganda laini la kwenye mzizi linakufa likikauka, na likikaa kavu zaidi ya saa moja matumaini yanapungua sana. Mwenye kulileta alitie kwenye maziwa mabichi. "Daktari wa meno yuko hapa mjini, nampigia sasa hivi. Wewe pigia nyumbani."

Binti yangu alikuwa amelala kitandani akisikiliza yote. Siku hiyohiyo alasiri alitakiwa madrasa kwenye mazoezi ya maulidi, ustadhi alikuwa amemchagua asome mbele ya watu. Nikamsikia anajaribu herufi ya Kiarabu kwa mdomo uliovimba, anatoa ulimi, anatafuta jino la kuugusisha, hewa inapita tu. "Mama," akasema, "thaa haitoki." Na hapo ndipo alipoanza kulia. Nilitamani kujizaba makofi.

Simu ya mama mkwe iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Nilikuwa natembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, watu wengine wenye wagonjwa wao wananitazama. Mara ya tatu akapokea.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hata nyumba ikiungua mkwe hasalimiwi kwa haraka.

"Marahaba mwanangu. Haya, mmefika? Wamemshona? Nyuzi ngapi? Mimi nilikuwa huku nyuma nawafukuza kuku kwenye mahindi uliyoyaacha wazi, maana wewe ukiondoka..."

"Mama, lile jino. Lishushe."

Akasema, "Nilishushe vipi? Si limeshatolewa?"

"Daktari analitaka. Wanaweza kulirudisha."

"Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Kitu ukishampa mjusi humnyang'anyi. Unataka na hayo mengine yadondoke?"

Nilikuwa na jibu la matusi ulimini, Mungu anajua. Daktari akanipokonya simu. "Shikamoo bibi," akasema, na sauti yake ikawa ya mjukuu kabisa. Akamweleza. Mjusi alishaleta jino lake, bibi, na ndilo hilo lililo juu ya paa. Hana jingine la kuleta. Ukilipata lishike sehemu ya juu nyeupe, usiguse mzizi, usilisugue, usilifute kwa nguo. Litie kwenye maziwa mabichi.

Nikasikia sauti ya mama mkwe ikitoka kwenye simu kwa mbali, anasema maziwa mabichi hakuna, jirani yetu Mmasai ameyapeleka Mkata kuwauzia abiria wa mabasi tangu asubuhi, kilichobaki kwake ni mtindi ndani ya kibuyu.

"Mtindi hapana," akasema daktari. "Ukikosa kabisa, litie mdomoni, kati ya shavu na ufizi. Mate yatalisaidia. Lakini usilimeze, bibi, na usizungumze."

Nilitaka kumwambia daktari kwamba hilo la mwisho haliwezekani. Akanirudishia simu, nikasikia kitu kizito kinaburutwa, nikajua ni kinu, mama mkwe anakigeuza apande. Nikasikia kuku. Nikasikia nyasi zinavurugwa. Na hapo salio langu likaisha, simu ikafa, nikabaki nimeishika sikioni namsikiliza mtu ambaye hayupo.

Sasa fikiria. Mwanamke wa miaka sabini na ushee, goti moja bovu, juu ya kinu, anatafuta kwenye nyasi za miaka mitatu kitu chenye ukubwa wa punje ya hindi. Akianguka, hilo nalo langu. Na kama limeviringika likaanguka chini, kuku wamelipata zamani. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika arobaini na nane.

Muuguzi akaniambia, "Mama, kaa." Nikamwambia siwezi. Akaniambia nikizunguka mtoto naye hatulii, na wanataka kumshona. Nikakaa. Nikasimama. Walimpiga sindano ya ganzi, wakamshona mdomo nyuzi nne, wakampiga na sindano ya pepopunda kwa kuwa ule mpini ni chuma cha siku nyingi. Alinishika kidole gumba akakiminya mpaka kikafa ganzi bila dawa. Kila ikisikika pikipiki nje nilikuwa nachungulia dirishani. Iliingia ya kwanza imebeba mjamzito, ya pili imebeba muuza mikate.

Katikati ya hayo nikamtumia mume wangu ule ujumbe wa bure wa kuomba nipigiwe. Akapiga. Nikamwambia mtoto ameumia mdomo kisimani, tuko hospitali. Akauliza, "Vibaya?" Nikasema wanamshona. Kuhusu jino sikusema kitu. Akasema anatafuta gari anakuja, akakata.

Hapo nikaanza kujitengenezea maneno. Nani alisema lirushwe? Mama. Nani mtu mzima pale, mwenye kujua meno ya wajukuu na vitukuu? Mama. Mimi nilikuwa na mtoto anayevuja damu, nimeshika simu, sikuwa na akili zangu. Kila nilipoyarudia maneno hayo yalizidi kunyooka, na nilipofika mara ya tano nilikuwa nimeshaamini kabisa kwamba mkono uliorusha ulikuwa wake.

Saa tano na dakika kumi na tano pikipiki ya tatu ikaingia. Mama mkwe, ambaye aliapa hatapanda chombo hicho mpaka anaingia kaburini, alikuwa nyuma ya dereva amejifunga kanga kichwani, mkono mmoja umemkumbatia dereva, mwingine umeziba mdomo. Nikatoka mbio. Mlinzi wa getini, mtu wa heshima zake, alikuwa anamsalimia, "Shikamoo bibi," na yeye akapita kama hakuona mtu. Mlinzi akarudia. Bibi akainua mkono tu, akaendelea kuchechemea. Nikamwona yule mlinzi anavyokunja uso.

"Mama, umelipata?"

Hakujibu.

"Mama, nakuuliza, jino umelipata?"

Akanitazama kwa macho makali, akanisukuma kwa kiwiko, akataka kupita. Mikononi hakuwa na kikombe, hakuwa na kopo, hakuwa na kitu. Nikajua halikupatikana, na sasa ananinunia juu yake. Jamani, nilifunguka. Mbele ya foleni nzima, mbele ya mlinzi, mbele ya mjamzito aliyekuwa anasubiri, nilimwaga yote niliyokuwa nimeyapanga. Kwamba ni yeye aliyesema lirushwe. Kwamba mila zake zimemharibia mtoto wangu uso. Kwamba angekaa kimya siku moja tu katika maisha yake, mtoto angekuwa na jino lake. Nilisema na mengine ya miaka ya nyuma ambayo hayakuhusu. Mimi, mke wa mtu, namsemesha mama mkwe hivyo mchana kweupe.

Hakusema neno. Machozi yalimlengalenga, mashavu yameshikana, akaendelea kutembea mpaka ndani. Alipofika kitandani kwa mjukuu wake, daktari wa zamu akasimama. Daktari wa meno alikuwa ameshafika, mtu mnene wa makamo, amevaa shati la nyumbani. Mama mkwe akainama juu ya bakuli dogo la chuma, akafungua mdomo, akalisukuma kwa ulimi. Jino likalia kwenye chuma.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari wa meno hakutazama yeyote. Alilichukua kwa koleo dogo, akaligeuza kwenye mwanga, akauliza lilikaa kavu dakika ngapi. Daktari wa zamu akahesabu, akasema hamsini, labda pungufu. "Tunajaribu," akasema. "Mzizi wake bado haujafunga ncha, hiyo ni bahati ya umri wake." Wakaliosha kwa maji ya dripu, wakampiga mtoto ganzi nyingine, daktari wa meno akalirudisha mahali pake kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayechomeka mche. Nikasikia mlio mdogo. Akalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba na gundi yake. Akasema waya utakaa wiki mbili, mtoto ale uji na vitu laini, asukutue kwa maji ya chumvi, anywe dawa zote. Kama litashika, tutajua baadaye. Linaweza kufa rangi, linaweza kuliwa mzizi, linaweza pia kuishi. Hakuahidi kitu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, na bado hakusema neno, ingawa sasa mdomo ulikuwa mtupu. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Sikujua nianzie wapi. Na hapo hapo mume wangu akaingia, nguo zina vumbi jeupe la mkonge, akapita moja kwa moja mpaka kitandani, akamshika mtoto kichwa.

Daktari wa meno akamweleza, kama wanavyoeleza wao, bila kujua anachochoma. Akasema jino limerudishwa, na lingekuwa na nafasi nzuri zaidi kama lisingerushwa juu ya paa.

Mume wangu akanyanyuka. Akatugeukia sote wawili, mimi nikiwa bado nimepiga magoti. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nani kalirusha?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini ile hotuba yangu yote, niliyoisema kwa sauti kule nje, ilikuwa imenikwama. Sikuweza kusema ni yeye na sikuweza kusema ni mimi.

"Mimi," akasema mama mkwe.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu alipopanda kinu. Sauti ilikuwa imekauka, akakohoa, akasema tena, "Mimi nimelirusha. Ni mambo yetu ya kizee. Mkeo alinikataza." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mume wangu alimtazama mama yake. Akasema, "Mama, na wewe." Basi. Hayo tu. Akatoka nje kwenda kumlipa dereva wa pikipiki. Binti yangu, mdomo umejaa pamba na waya, alikuwa ananitazama mimi. Yeye alikuwepo uani. Aliniona.

Wiki zile mbili sikulala. Usiku ule wa kwanza niliamka mara nne kumsogelea, kusikiliza kama anasaga meno. Niliamka asubuhi namulika kwa simu, nagusa jino kwa ncha ya kidole kuona kama linacheza, mpaka akaniambia, "Mama, unaliamsha." Nilimpikia uji wa muhogo, uji wa mahindi, uji wa ulezi, akauchukia wote. Maulidi yalipita, mtoto mwingine akasoma, yeye akasikiliza kwenye mkeka wa nyuma akimfuatisha kimoyomoyo. Waya ulipotolewa alisimama katikati ya chumba cha daktari, akavuta pumzi, akatoa thaa moja ndefu yenye mate. Daktari akajifuta shati, akacheka.

Mama mkwe alirudi kwenye kuzungumza kwake. Hakuligusia jambo lile hata kidogo, wala ugomvi wangu wa getini, ambao nilimwomba radhi mara tatu, na mara zote tatu akanijibu kwa kuniuliza kama chumvi ipo. Lakini kijijini habari ilishaenea. Wanawake kisimani walimtania kila asubuhi, bibi mwenye mkono mwepesi, njoo unirushie na mimi hili bovu. Alicheka nao. Mume wangu naye, kila akirudi kutoka Korogwe, hakukosa neno. Mara, jamani, ficheni meno, bibi anapita. Watu wazima wakacheka, watoto wakacheka. Mimi nilikuwa natoka nje.

Miezi mitatu ilipotimia daktari alitaka kuona picha ya eksirei. Kwa kuwa mume wangu anafanya kazi Korogwe, tulikwenda kupiga huko, sisi wanne. Aliyeisoma picha alituonyesha kwenye mwanga. Mzizi ulikuwa unaendelea kukua. Jino lilikuwa hai. Mume wangu alicheka kwa sauti, akampigapiga mama yake begani mbele ya wauguzi, akasema, "Mama, una bahati wewe. Nimekusamehe leo. Ila jino jingine likitoka nakufunga mikono kwa kamba ya mkonge."

"Ahsante mwanangu," akasema mama mkwe.

Hapo nilishindwa. Mume wangu alipokwenda na mtoto kuchukua gari, nilimvuta mama mkwe pembeni ya ukuta wa hospitali, nikamwambia, "Leo namwambia."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba ni mimi. Siwezi, mama. Miezi mitatu unatukanwa kwa ajili yangu."

"Nimetukanwa na nani? Natania na watu." Akarekebisha kanga yake. "Yeye amekuuliza?"

"Hajaniuliza."

"Basi." Mimi nilidhani yamekwisha. Kisha akaniambia, bila kunitazama, akitazama watu wanaovuka barabara. "Mimi nilikuwa na umri wa huyu binti wakati mtungi wa bibi yangu, mama yake baba, ulipovunjika. Ulivunjwa na bibi mwenyewe, nilimwona, aliukwaa akitoka nje. Baba alipouliza, bibi akanyamaza. Baba akadhani ni mama. Akamwambia afunge mzigo arudi kwao, naye akafunga. Sisi tulibaki, maana watoto ni wa baba. Nilimwona tena mama yangu siku ya kumwosha azikwe."

Nami nikawatazama wale watu wanaovuka.

"Kwa mtungi," akasema. "Bibi angesema neno moja tu."

Mume wangu akapiga honi. Mama mkwe akanishika mkono, kwa sababu ya lile goti lake, tukavuka barabara.